Kofia Haivuliwi na Aliyeivaa

Siku ya kumi na mbili mama mkwe wangu alininyang'anya kitabu. Alikuja na supu ya kuku kwenye sinia, akakiona juu ya mto wa kitanda, akakiinua kwa vidole viwili kama mtu anayetoa panya mtegoni, kisha akaniwekea supu mahali pake.

"Mzazi hasomi," alisema. "Macho yatakwisha. Ukitimiza arobaini utasoma mpaka ukinai."

"Mama, nimebakiza ukurasa mmoja tu sura iishe."

"Hata walevi husema hivyo. Wamebakiza glasi moja tu."

Akaondoka nacho. Nilisikia hatua zake zikishuka ngazi, mlango wa stoo ukifunguliwa, ukifungwa. Nikainywa ile supu huku nalia kwa hasira, na chumvi ikazidi.

Jina langu Kosara. Nilikuwa mwalimu wa jiografia Novi Sad kabla sijampenda Boban, dereva wa lori, na kumfuata hadi kwao Leskovac, kusini mwa nchi yetu. Mwanamke akijifungua hufungiwa ndani siku arobaini, yeye na mwanawe. Mila hiyo hata kwetu ipo, lakini kwetu watu huitaja tu, kisha huenda zao mjini kunywa kahawa. Kwa mama Stamena haitajwi, inafuatwa. Ni mjane, alishona mashati kiwandani miaka thelathini na moja, na akishika jambo halichomoki mkononi mwake.

Dirisha lisifunguliwe, kwa sababu upepo unaopita kati ya dirisha na mlango huua watu wazima, sembuse kichanga. Taa ya chumbani isizimwe. Nisile kitunguu wala kabichi. Nisivuke geti. Simu ikae jikoni, maana mionzi inakausha maziwa. Na nepi zianuliwe kabla jua halijazama, kwani nepi iliyokutwa nje na giza hurudi na kisichojulikana. Boban alikuwa Austria na lori lake. Akipiga simu aliongea na mama yake dakika kumi na mimi mbili, mama yake kasimama mlangoni. "Vumilia, roho yangu," aliniambia. "Siku arobaini ni nini?" Nilitamani nimfungie yeye kabatini siku nne tu, halafu nimuulize swali hilohilo.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo sikumwambia mtu. Mwanangu Lenka nilimnyonyesha, nilimwogesha, nilimbadilisha nguo, lakini sikumpenda. Walisema mapenzi yatakuja yenyewe, nikayasubiri, hayakuja. Nilimtazama kama mtu aliyeachiwa mzigo wa msafiri mwingine stendi: nisimpoteze, mwenyewe akirudi nimkabidhi. Hilo liliniogopesha kuliko geti, na katika chumba kile chenye joto na taa isiyozimwa halikuwa na pa kwenda. Lilikaa na mimi.

Ndiyo maana kitabu kile kilikuwa pumzi yangu. Alinitumia rafiki yangu Iskra kutoka Novi Sad, amekificha chini ya soksi za mtoto ndani ya kifurushi. Riwaya nene, jalada jekundu, jina lake *Ghorofa ya Tisini Chini*. Dunia humo imekwisha: juu ya ardhi jua linababua, watu wanaishi kwenye maghorofa yaliyochimbwa kwenda chini, na maji yako mikononi mwa Shirika. Ili upate maji lazima ucheze. Unalala kitandani, unavishwa kofia ya chuma inayofunika macho na masikio, na papo hapo unajikuta Bustanini, kwenye msitu wa kubuni unaonuka mvua, wenye mito, wanyama, na vita visivyoisha. Watu wanazeeka wamelala, wanadhani wanakimbia. Na kila kofia imechorwa kwa ndani sheria moja: *Kofia haivuliwi na aliyeivaa.* Ukitaka kutoka, lazima mtu aliyeko nje akuvue. Kwa hiyo kila mchezaji ana mvuaji wake, anayekaa kando ya kitanda.

Shujaa ni msichana anayeitwa Tavi, anayeingia Bustanini kumtafuta kaka yake asiyerudi. Mvuaji wake ni mzee Olm, jirani, kiziwi. Tavi akisonga kutoka lango hadi lango, kila lango linamtoza kumbukumbu moja: ladha ya mkate, sauti ya mama yake, rangi ya mlango wa kwao. Kuna mbwa mwitu wa kioo ambaye huwezi kumwona ila mvua ikinyesha. Ee bwana! Nilikisoma kitabu kile nikisahau kumeza mate. Kilikuwa kinaeleza kifungo, nami mfungwa, na bado kila nilipokifungua nilitoka chumbani mle.

Siku tatu nilikaa bila kitabu. Siku ya kumi na tano, jioni, jua limeegemea mapaa, nilisikia jirani yetu Persa akipiga kelele kutoka upande wake wa uzio.

"Stamena! We Stamena! Nguo za mtoto!"

Nikaenda dirishani. Mtaa mzima ulikuwa unachoma pilipili hoho za kuweka akiba ya majira ya baridi, moshi umetanda juu ya nyua. Na katikati ya uwanja wetu, kambani, nepi kumi na moja za Lenka zilikuwa zinaning'inia peupe huku giza likiingia. Sikuamini. Mama Stamena kusahau nepi ni sawa na padri kusahau msalaba.

"Stamena! Umekufa huko?"

Kutoka dirishani kwangu stoo inaonekana vizuri. Nilimwona mama mkwe wangu amekaa juu ya kreti lililofudikizwa, miwani kwenye ncha ya pua, mdomo wazi, kitabu chekundu amekishika kwa mikono miwili karibu na balbu. Mtu huyu, kwa miaka niliyomjua, alikuwa anasoma vitu viwili tu: kalenda ya kanisa na matangazo ya vifo yanayobandikwa kwenye nguzo za umeme.

Aliruka, akatoka mbio, akaanua nepi zote kwa mkupuo mmoja. Baadaye akapanda kwangu na ubani kwenye chetezo, akazifukiza moja moja kwa ukali, kana kwamba nepi ndizo zenye makosa.

"Zile pilipili," alisema bila kunitazama. "Zilinishughulisha."

"Pole, mama. Na yule mbwa mwitu wa kioo keshamla nani?"

Mkono wenye chetezo ukasimama.

"Hajamla mtu," alisema. "Kaganda kwenye ngazi. Anasubiri mvua iishe."

Nilicheka hadi mshono ukaniuma. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Lenka azaliwe. "Siku za mwizi ni arobaini," nilimwambia, "lakini wewe, mama, umekamatwa ya kumi na tano!"

"Nilitaka kuona kinachokuharibu macho," alisema, na shingo ikawa nyekundu. Kisha, akiwa mlangoni: "Hivi hao watu, wakishavaa hizo kofia, chooni wanakwendaje?"

Basi tukawa tunasoma kwa zamu. Asubuhi kitabu chake, alasiri changu. Yeye aliweka unyoya wa kuku kama alama, mimi kipande cha karatasi, na unyoya wake ulikuwa mbele daima maana alikuwa anaiba hata nikiwa nimesinzia. Akija na chakula tulikuwa tunabishana kama watu wa mpira. Alimwona Tavi mjinga.

"Kwa nini anawapa sauti ya mama yake? Hana kumbukumbu mbaya huyo? Mimi ningewapa miaka yangu ya kiwandani, yote, na cherehani juu. Wangenishukuru na chenji wangenirudishia."

"Lango halichukui mbaya, mama. Linachagua lenyewe."

"Kama serikali," alisema, akanipangusa kidevu kwa kona ya aproni kama vile mtoto ni mimi.

Nisidanganye: nilianza kumpenda kidogo. Lakini geti halikufunguka kwa sababu ya kitabu. Dirisha lilibaki limefungwa, na mara mbili nilipomwomba nikae tu uwanjani kwenye jua alinijibu, "Arobaini, mkamwana," na hapo hapakuwa na mjadala.

Tulikosana mara moja tu, kwa sababu ya askari. Katikati ya kitabu Shirika linamkamata mzee Olm na kumpeleka kusikojulikana, na Tavi anabaki Bustanini bila mvuaji. Chumbani mwake anawekwa askari, mwanamke asiyepewa hata jina, wa kukaa kitini mbele ya skrini, kumtazama Tavi akihangaika humo ndani, na kuhakikisha haamshwi.

"Natamani yule mbwa mwitu amtafune huyo mama," nilisema.

"Kwa nini? Anafanya kazi aliyopewa."

"Kazi ya kufungia watu?"

Mama Stamena alikuwa anakunja nepi. Alikunja ile aliyokuwa nayo, akachukua nyingine. "Nani kakwambia yeye hakufungiwa? Chumba si kilekile?"

"Yeye ana miguu, mama. Anaweza kuinuka."

"Haya," alisema. "Wewe ndiye msomi."

Siku ya ishirini na sita Lenka alilia tangu asubuhi hadi alasiri. Nilimnyonyesha, nikambeba, nikamwimbia, nikambembeleza, mwishowe nikamlaza na kuketi sakafuni nimeziba masikio. Mama Stamena akapanda, akamtwaa, akamweka begani. Mtoto akanyamaza palepale. Hata sekunde tano hazikupita. Yule bibi akamzungusha chumbani akimnong'oneza maneno ya kusini ambayo mimi siyajui, na Lenka akafumba macho, shavu limetulia kwenye shingo ile.

Hapo ndipo nilipoona wazi. Mimi nilikuwa maziwa tu, na maziwa yanauzwa dukani. Mtoto alikuwa na mtu wa kumpenda, na mtu huyo hakuwa mimi. Sikulia. Nilihisi wepesi wa ajabu, na wepesi ule, nikiukumbuka leo, ndio unaonitisha.

Kesho yake mtu wa posta alipomwita mama Stamena getini, nilishuka jikoni bila viatu, nikashika simu dakika mbili, nikatafuta mabasi. Nikaandika kwenye ile karatasi yangu ya alama: *Jumamosi, saa sita na robo, Nish, jukwaa la tatu.* Kutoka Nish ningepata basi la Novi Sad. Jumamosi ile ilikuwa ya wafu, siku ambayo mama Stamena huenda makaburini na ngano iliyochemshwa na mkate, hutoka saa tatu na kurudi saa sita juu ya alama. Ningetoka robo saa kabla hajarudi. Lenka angebaki kwenye kitanda chake. Robo saa ya kilio haijamuua mtoto yeyote, nilijiambia, na nilijiambia mara nyingi kuliko jambo la kweli linavyohitaji.

Karatasi niliirudisha kitabuni. Mtu gani huficha siri yake ndani ya kitabu kinachosomwa na askari wake? Mtu ambaye hajalala wiki nne.

Jumamosi nilijilaza nikisubiri geti lilie. Geti letu lina bawaba mbovu, likifunguliwa mtaa wote hujua. Saa tatu ikapita. Saa nne. Nilimnyonyesha Lenka, nikamwona amesinzia, nikavaa suruali iliyokataa kufungwa na koti juu yake. Saa tano. Geti kimya. Saa tano na nusu sikuweza tena, nikachukua begi, nikashuka.

Mama Stamena alikuwa amekaa mezani, kavaa nguo nyeusi na kitambaa cheusi kichwani. Kikapu cha wafu kilikuwa tayari kando ya kiti, kimefunikwa taulo safi. Alikuwa anasoma. Bila kuinua kichwa aliinua kidole kimoja: ngoja.

Nikangoja. Nilisimama na koti langu na begi langu kama mwanafunzi mbele ya mwalimu mkuu. Alikuwa amebakiza kurasa mbili. Alizisoma polepole, midomo inacheza. Akafunga kitabu. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena, na ndipo akanitazama, kuanzia viatu hadi juu.

"Umemnyonyesha?"

"Sasa hivi."

"Yote mawili?"

"Yote."

"Basi ana saa tatu," alisema.

Aliinuka. Nilijua anakwenda kufunga mlango na kuweka ufunguo mfukoni, na nilikwisha amua nitapiga kelele hadi polisi waje. Badala yake alifungua droo, akatoa uzi mwekundu wa kukinga jicho baya, akanifunga mkononi, mafundo matatu. Akachukua punje ya kitunguu saumu akanitumbukizia mfukoni. Simu yangu akaiweka kwenye mfuko wa pili. Kisha akatoka uwanjani, nikamfuata nisijue ninachofanya, akashika geti kwa mikono miwili na kulivuta hadi mwisho. Likalia kwa sauti ya kuchinjwa.

"Nenda," alisema.

"Wapi?"

"Nitajuaje mimi? Nje."

Persa alikuwa upande wake wa uzio, kijiti cha kugeuzia pilipili mkononi. "Stamena! Mzazi huyo anatoka! Hajatimiza arobaini!"

"Thelathini na moja," alisema mama Stamena. "Najua kuhesabu."

"Mungu wangu! Na mtoto? Na makaburini huendi? Wafu wanakungoja!"

"Wafu hawana haraka. Geuza pilipili zako, Persa, zinaungua."

Akanipa kitabu. "Kamalizie," aliniambia, akageuka, akarudi ndani kwa mjukuu wake bila kunitazama tena. Geti aliliacha wazi.

Nilitembea. Mwezi mzima sikuwa nimetembea hatua zaidi ya ishirini, na miguu ilinishangaa. Hewa ilikuwa baridi na yenye moshi wa pilipili, na mimi niliivuta kwa mdomo wazi. Hakuna aliyenizuia. Nilikuwa nimejiandaa kwa geti lililofungwa, kwa ugomvi, kwa laana. Sikuwa nimejiandaa kwa geti lililo wazi. Nilikasirika, kweli. Nilihisi kama mtu aliyejitupa kuuvunja mlango ambao haukuwa umekomewa.

Stendi nilifika saa sita kasoro dakika tano, nikaketi kwenye benchi la jukwaa la tatu. Nikafungua kitabu kwenye alama yangu. Haikuwa pale nilipoiacha. Ilikuwa imehamishiwa ukurasa wa mwisho, na maneno yangu yalikuwa yamekatwa kwa kalamu ya jikoni, ile nene ya kuandikia mitungi. Chini yake kulikuwa na mwandiko mkubwa wa mtu asiyeandika mara nyingi:

*Jumamosi ni saa sita na nusu, siyo na robo. Nimepiga simu stendi. Kaa mbele, nyuma linarusha na wewe una mshono.*

Nilisoma mara nne. Alikuwa ameijua siku, saa, na jukwaa. Alijua nikienda naweza nisirudi, na mtoto yuko ndani amelala. Akaulizia basi lenyewe.

Kisha nikasoma ukurasa wa mwisho, kwa kuwa sikujua la kufanya na macho yangu. Tavi amefika mwisho wa Bustani, hana kumbukumbu hata moja iliyobaki, na mwisho wa Bustani ni ukuta mtupu. Anaupiga kwa ngumi. Nje, yule askari asiye na jina, ambaye amemtazama siku zote hizo akikimbia, anaweka kikombe chake chini, anainuka, anavuka chumba, anaishika kofia kwa mikono miwili, na kuivua. Hamwambii neno. Anamfungulia mlango. Tavi anatoka, na askari anarudi kukaa kwenye kiti chake. Kitabu kinaishia hapo, kwenye kiti.

Basi la Nish likaingia. Watu wakapakia mizigo, dereva akavuta sigara yake ya mwisho, akaniuliza, "Dada, unapanda?" Nilitaka kumjibu ndiyo. Lakini kwenye benchi la pili kitoto cha mtu kilianza kulia, wala si changu, na maziwa yangu yakashuka yenyewe, yakalowesha koti. Sitasema ni mapenzi. Ulikuwa mwili tu, una saa yake. Ila kwa mara ya kwanza nilijiuliza Lenka amelalia upande gani, na nilitaka jibu. Yale mengine yalikuja baadaye, taratibu, wala hayakuja yenyewe.

Na kulikuwa na jambo jingine, hasira. Mwandishi gani huyu anamrudisha mwanamke kitini? Kurasa mia nne ametukimbiza misituni, halafu yule aliyefanya kazi kubwa kuliko wote anamwacha amekaa mbele ya skrini, na sisi tufunge kitabu tukalale!

"Hapana," nilimwambia dereva. "Nenda tu."

Nilikaa kando ya mto. Nilinunua mkate wenye nyama ya kuchoma na kitunguu, kitunguu kingi, nikala chote, mafuta yakanichuruzika hadi kwenye uzi mwekundu. Saa nane na nusu nilikuwa mtaani kwetu. Geti lilikuwa wazi kama lilivyoachwa, na mama Stamena amesimama katikati yake na nguo zake nyeusi, Lenka begani. Mtoto alikuwa analia kwa sauti ya juu, wala hakubembelezeka. Nyuma ya uzio pilipili za Persa zilikuwa zimeungua zote.

"Unanuka kitunguu," alisema mama Stamena.

"Ungefanyaje nisingerudi?"

"Sijui. Ningechemsha maziwa ya unga." Alinipa mtoto. Lenka akageuza uso kifuani kwangu akanitafuta kwa hasira, kama mtu mwenye madai. "Mimi basi langu lilikuwa la saa tisa. Mwaka wa themanini na tisa, huyo Boban ana siku ishirini. Nilifika hapa, hapa niliposimama. Mama mkwe wangu alikuwa na ufunguo, ameufunga kifuani. Akaniambia, arobaini, mkamwana."

"Na zilipokwisha?"

"Zilipokwisha nilikuwa nimezoea."

Alisema hivyo kama mtu anayetaja bei ya viazi. Nilitaka kumkumbatia lakini mikono yangu ilikuwa na mtoto, na yeye si mtu wa kukumbatiwa. Niliona amekishika kikapu cha wafu, na macho yake yanatazama barabara, siyo upande wa makaburini.

"Mama," nilimwambia, "kitabu kile kimekosea mwisho."

"Nami nimeona."

"Basi nenda. Nepi nitaanua mimi."

Aliangalia jua. Aliangalia kamba, akahesabu, namjua, nepi zote hadi ya mwisho. Kisha akainama akaweka kikapu chini, kando ya nguzo ya geti, akafungua fundo la kile kitambaa cheusi kichwani, akakivua, akakilaza juu ya taulo. Nywele zake zilikuwa nyeupe na nyingi kuliko nilivyodhani.

"Stamena!" Persa alipasuka nyuma ya uzio. "Na wewe unakwenda wapi?"

"Nje," alisema mama mkwe wangu, na akashika njia ya mjini.